Jaribia Mwonekano Mpya wa Tovuti Pembeni, Kabla Wateja Hawajauona

Natengeneza tovuti za wafanyabiashara wa hapa Mwanza, wengi wao wa samaki na wa nyumba za wageni. Kila mmoja namsisitizia jambo moja: tusibadilishe mwonekano mbele ya macho ya wateja. Mnunuzi wa dagaa aliyeko Lubumbashi akifungua ukurasa wa bei na kukuta maandishi yamepandana, kitufe cha WhatsApp hakipo, hawezi kujua kwamba fundi yuko kazini. Atampigia muuzaji mwingine wa pale pale Mwaloni Kirumba, na huyo ni mteja aliyechukua muda kukuamini.

Kama unataka kubadili rangi au ukubwa wa herufi tu, huhitaji mambo makubwa. Fungua tovuti kwa Chrome au Firefox kwenye kompyuta, bonyeza F12, na utaona msimbo wa ukurasa. Chezea hapo unavyotaka, unayeona ni wewe peke yako. Ukipakia ukurasa upya kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa, kwa hiyo nakili kwanza mistari uliyoipenda.

Kwa mabadiliko makubwa, kama kuweka mandhari mpya (kifurushi kinachoamua sura ya tovuti) au kupanga upya ukurasa wa kwanza, tengeneza nakala ya tovuti nzima. Unaweza kuiweka kwenye kompyuta yako kwa XAMPP, programu inayoifanya kompyuta iendeshe tovuti kama seva, yaani mashine inayotoa kurasa kwa wanaozifungua. Ukishaipakua inafanya kazi bila bando, jambo linalosaidia sana siku ambazo mtandao unasuasua. Ila mwenye biashara hataweza kuiona akiwa kwake Nansio, Ukerewe. Ndiyo maana mimi napendelea kuiweka kwenye seva, chini ya anwani ndogo inayoanza na neno kama “jaribio”. Kampuni nyingi zinazohifadhi tovuti zina kitufe cha kutengeneza nakala hiyo. Kama yako haina, hamisha mafaili pamoja na hifadhidata (mahali tovuti inapotunza maandishi, oda na mipangilio), maana kwenye WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, mipangilio mingi ya mwonekano inakaa kwenye hifadhidata.

Nakala hiyo ifungwe kwa nenosiri. Kuna tiki kwenye mipangilio ya WordPress inayoziomba injini za kutafutia zisiiorodheshe tovuti. Iweke, lakini kumbuka kwamba hilo ni ombi, si kufuli. Kisha zima barua pepe zote zinazotoka kwenye nakala. Fomu ya oda imenakiliwa pamoja na anwani halisi za watu, na ukijaribu kuagiza sangara kilo 200, mzee wa Kirumba atapata oda hiyo na kuanza kutafuta barafu.

Sasa kazi yenyewe. Wateja wengi hawakai mbele ya kompyuta kubwa, wako na simu mkononi. Chukua simu ya bei nafuu, nenda Mwaloni saa sita mchana, ufungue nakala yako juani. Maandishi ya kijivu juu ya weupe, yaliyopendeza sana ofisini, hayasomeki hata kidogo. Miongozo ya WCAG, ya kufanya tovuti zisomeke na watu wote, inataka uwiano wa angalau 4.5 kwa 1 kati ya rangi ya maandishi ya kawaida na ya nyuma yake, na Chrome inakuonyesha uwiano huo ukibonyeza kisanduku cha rangi ndani ya F12. Ukipanda kivuko cha Kamanga, fungua ukurasa mkiwa katikati ya maji, uone picha zinachukua muda gani kutokea.

Halafu mpe mtu simu, na usimweleze chochote.

“Shikamoo mama. Naomba unitafutie bei ya dagaa humu.”

“Marahaba. Hii hapa. Lakini mwanangu, hii ni bei ya kilo au ya gunia?”

Swali kama hilo ndilo unalolitafuta. Usijitetee, usimwelekeze kidole chake pa kubonyeza. Andika alipokwama, urekebishe, kisha umtafute mtu mwingine ambaye hajauona ukurasa huo. Ukiuliza tu “Mnaonaje?”, watakujibu kwamba ni nzuri, kwa sababu watu wetu wana adabu.

Siku ya kuhamishia mabadiliko, hifadhi kwanza nakala ya tovuti iliyo hewani, mafaili na hifadhidata, na uitoe nje ya seva. Chagua saa ambayo wateja ni wachache na wewe huna safari, ili ukiona tatizo uwe karibu. Usibebe hifadhidata ya majaribio na kuiweka juu ya ile halisi, maana oda na ujumbe vilivyoingia wakati unafanya majaribio vitafutika. Hamisha mandhari na mipangilio yake tu. Safisha akiba ya kurasa (nakala za zamani zilizotunzwa) kwenye seva, fungua tovuti kwa hali fiche, yaani dirisha la kivinjari lisilotumia kumbukumbu zake za zamani, kisha uifungue kwenye simu ya mtu mwingine, kwa sababu kivinjari chako bado kinaweza kukuonyesha sura ya zamani.

Angalia pia ile tiki ya injini za kutafutia. Ikihamia kwenye tovuti halisi, biashara itaanza kupotea Google polepole bila mtu kuelewa kwa nini. Mambo yakitulia, futa nakala ya majaribio, kwani programu-jalizi (vipande vya kuiongezea tovuti uwezo) zisizosasishwa ni mlango wa wadukuzi. Ile uliyoihifadhi nje ya seva ibaki mpaka mwenye biashara athibitishe kwamba oda zinaingia.