Mtu akikukosea anza na yeye, usianze na watu

Wapendwa hili linaniuma maana tunalikosea karibu kila siku. Mtu kakudhulumu au kakusema vibaya, afu simu ya kwanza unampigia nani? Wengi tunampigia mtu mwingine kabisa, tena tunaanza na "naomba tumuombee fulani", kumbe ni umbea tu. Mi nimeshafanya. Dada mmoja tuliyeimba naye kwaya alishika michango ya sare, siku zinapita sare hatuoni, nikawaambia watu watatu "tumuombee". Jumapili alivyoingia kila mtu kimya, akakaa benchi la nyuma na kidaftari chake mkononi, majina yote yana tiki, hela yote ipo kwa fundi na fundi ndo alikuwa anachelewesha. Nilimwomba msamaha mbele ya walewale watatu ila kwaya hakurudi tena.

Yesu alishaweka utaratibu, Mathayo 18:15-17, unaenda "wewe na yeye peke yenu". Ila kabla hujatoka jikague, ile habari ya boriti kwenye jicho lako na kibanzi kwenye jicho la ndugu yako (Mathayo 7) watu wanaisoma nusu, wanadhani tumeambiwa tunyamaze, wakati Yesu kasema toa boriti ndo uone vizuri kukitoa kile kibanzi. Kwa hiyo kibanzi bado kinatolewa!

Ukifika anza kwa kuuliza, "ile hela imefikia wapi?", usikilize jibu mpaka mwisho. Taja alichofanya, usimpe jina, "hujarudisha" ni tofauti kabisa na "we mwizi". Na usitume meseji jamani, meseji haina sauti, kesho ni skrinshoti kwenye grupu.

Asiposikia chukua mtu mmoja au wawili, hiyo ni sheria ya zamani ya mashahidi, Kumbukumbu la Torati 19:15, na usichague marafiki zako tu maana hao mashahidi wanakusikia na wewe pia, inawezekana mwenye kosa ni wewe. Akikataa tena ndo kanisa linaambiwa.

Sasa hapa naomba tuelewane. Mtoto kaharibiwa, mtu kabakwa, mke anapigwa, hayo usimwambie aliyeumizwa aende "peke yenu" na aliyemuumiza. Mtoe kwanza kwenye hatari, mpeleke hospitali, nenda polisi siku hiyohiyo. Warumi 12 inatukataza kulipa kisasi, na mlango unaofuata tu, wa 13, unasema mamlaka ni mtumishi wa Mungu dhidi ya mtenda maovu, kwa hiyo kuripoti sio kukosa imani na kusamehe hakufuti kesi. Mzee wa kanisa anayesema "tuyamalize ndani" anamlinda mkosaji, basi.

Na kama mkosaji ni wewe, usisubiri ufuatwe. Mathayo 5:23-24 inasema acha sadaka hapo madhabahuni uende kwanza ukapatane. Usifanye kama Adamu aliyemsukumia mkewe lawama, na ile "kama nilikukwaza samahani" haitoshi, hiyo "kama" inamrudishia aliyeumia mzigo wa kuthibitisha. Zakayo, yule mtoza ushuru, alisema aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Wewe sema "nilikudanganya kuhusu ile hela, naileta ijumaa", afu ijumaa ipeleke kabla hajakupigia.