Rashid kwa siku moja: mji wa mwisho wa Mto Nile

Wengi wetu tuliokwenda kusoma Misri tuliisikia Rashid kwanza kwa jina lake la Kizungu, Rosetta, na kwa habari ya lile jiwe lililosaidia kufumbua hieroglifu, maandishi ya picha ya Misri ya kale. Jiwe halipo. Liko London, katika British Museum, tangu 1802. Nimewaongoza wenzangu kwenda Rashid mara kadhaa, na kila safari aliyekwenda kwa ajili ya jiwe amerudi akizungumzia nyumba na mto. Mpango ninaoutoa hapa umejengwa juu ya hivyo viwili.

Hatua ya 1: Chagua siku

Oktoba hadi Aprili ndiyo miezi mizuri. Kati ya Desemba na Februari fuatilia utabiri wa hewa, kwa sababu pwani ile hupigwa na dhoruba ambazo wenyeji huziita *nawa*, na mvua ikinyesha vichochoro hujaa tope. Usiende Ijumaa. Safari yangu ya kwanza tulifika Ijumaa karibu na adhuhuri, tukakaa nje ya milango iliyofungwa hadi siku ikatuishia.

Hatua ya 2: Lala Alexandria

Kutoka Cairo kwenda na kurudi siku moja inawezekana, lakini utaimaliza siku barabarani. Rashid iko kilomita 65 hivi mashariki ya Alexandria. Amka mapema, nenda kituo kikuu cha mabasi madogo kinachoitwa *al-Mawqif al-Gadid*, uulize gari la Rashid. Vuta irabu ya pili, "Rashiid", ndivyo watakavyokuelewa upesi. Gari huondoka likijaa, kama daladala za kwetu. Beba pasipoti, kadi ya mwanafunzi kama unayo (hupunguza sana bei ya tiketi), pesa taslimu na kadi ya benki.

Hatua ya 3: Anza na ngome, si mji

Watu hufanya kinyume, kisha wanafika ngomeni jua likiwa limechwea. Ngome iko kilomita chache kaskazini ya mji, kuelekea baharini. Chukua bajaji au teksi, na mpatane bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kabla hujapanda.

Ilijengwa na Sultani Qaitbay wa Wamamluki, watawala wa Misri wa wakati ule, katika karne ya 15 ili kuulinda mlango wa mto. Wajenzi walitumia mawe ya majengo ya kale, na hapo ndipo siri ilipo: Julai 1799, askari wa Napoleon walipokuwa wakiikarabati, afisa Pierre-François Bouchard aliona katika magofu ya ukuta jiwe jeusi lenye maandishi. Ni tangazo la makuhani la mwaka 196 kabla ya Kristo, la kumtukuza Mfalme Ptolemy wa Tano, lililoandikwa kwa hieroglifu, kwa demotiki (mwandiko wa kila siku wa Wamisri wa kale) na kwa Kigiriki. Kwa kuwa Kigiriki kilisomeka, wataalamu walipata ngazi ya kupandia. Mwaka 1822 mtaalamu Mfaransa Jean-François Champollion akatangaza kwamba amefumbua hieroglifu.

Ndani ya ngome kuna nakala. Isome, halafu panda juu ya ukuta uutazame mto ulivyo mpana.

Hatua ya 4: Nenda hadi maji yanapokutana

Mwombe dereva akusogeze hadi karibu na mdomo wa mto. Hapa ndipo mwisho wa tawi la magharibi la Nile, mto ambao baadhi ya maji yake huanzia Burundi na Rwanda, hupita Kagera, huingia Ziwa Victoria na kutokea Jinja. Mtu wa Mwanza au Bukoba asiyesimama hapa ameiacha nusu ya safari.

Utaona kuta za mawe zilizowekwa kuizuia bahari. Bwawa Kuu la Aswan lilipokamilika 1970, udongo uliokuwa ukiletwa na mafuriko ulibaki nyuma ya bwawa, na bahari ikaanza kuila pwani hii. Usipige picha za askari wa doria wala vituo vyao.

Na tafadhali, tulia kidogo. Septemba 2016 mashua iliyojaa watu waliotaka kuvuka kwenda Ulaya ilizama karibu na pwani hii. Zaidi ya 200 walikufa: Wamisri, Wasudani, Waeritrea, Wasomali. Sisi huwasomea Fatiha hapo.

Hatua ya 5: Zipe nyumba muda wako mwingi

Rudi mjini, utembee kwa miguu. Nyumba za zama za Waturuki zimebaki kama ishirini hivi, za matofali mekundu na meusi yaliyopangwa kwa kupishana, chokaa nyeupe ikipita katikati kama mstari wa wino. Madirisha yamefunikwa kwa *mashrabiya*, vijiti vya mbao vilivyokerezwa na kuunganishwa: aliye ndani anaona, aliye nje haoni. Aliyekulia Mji Mkongwe au Lamu atajua mara moja ni haja gani iliyojengewa hapa.

Anza na nyumba ya Amasyali, ya 1808. Chini ni ghala na birika la maji, juu yake ni ukumbi wa wanaume, na juu zaidi ni makazi ya wanawake. Tazama dari ya mbao. Muulize mlinzi akuonyeshe pia kabati la kuzunguka, ambalo nyumba za Rashid zinajulikana nalo: mwanamke huweka chakula upande wake, analizungusha, na mgeni anakipokea bila kuonana naye. Jirani yake ni kinu cha Abu Shahin, chenye magurudumu makubwa ya meno ya mbao yaliyozungushwa na wanyama.

Nyumba ya Arab Kulli sasa ni makumbusho ya mji. Humo utakuta habari za tarehe 31 Machi 1807, kikosi cha Waingereza kilipoingia katika vichochoro hivi na kupigwa risasi kutoka madirishani na juu ya mapaa, hadi kikakimbia.

Ukijiuliza kwa nini mji wa matajiri namna hii ukalala, jibu ni mfereji wa Mahmudiya. Ulifunguliwa 1820, ukaipeleka biashara ya Nile Alexandria moja kwa moja.

Hatua ya 6: Kula samaki

Agiza samaki wa kuchoma na *sayadiya*, wali uliopikwa kwa vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa rangi ya kahawia. *Bolti* ni sato. Septemba na Oktoba nunua tende za *zaghluli*, nyekundu, huliwa zikiwa bado ngumu.

Hatua ya 7: Maliza kwa mashua

Alasiri shuka ukingoni, mpatane na mwenye mashua akupeleke kusini hadi msikiti wa Abu Mandur, uliojengwa penye kona ya mto, mchanga ukiinuka nyuma yake. Mkiwa kundi, changianeni. Swalini Alasiri hapo, kisha mwambieni nahodha azime injini wakati wa kurudi, mkondo uwachukue. Mitende itapita pande zote mbili, na mtasikia wavuvi wakiitana kutoka ng'ambo. Fikeni mjini kabla ya Magharibi, magari ya Alexandria yakiwa bado mengi.