Hewa na Nguzo Chini ya Mgodi wa Makaa: Jinsi ya Kupiga Hesabu Zake

Nawaandikia vijana mnaokwenda fildi au mnaoanza kazi kwenye migodi ya makaa ya mawe ya chini ya ardhi, iwe Kiwira kwetu kusini magharibi mwa Tanzania au Witbank kule Afrika Kusini. Wengi wanafundishwa hewa kama somo moja na ardhi kutitia kama somo jingine, wakifika kazini hewa wanamwachia mtu wa feni na nguzo, yaani makaa yanayoachwa bila kuchimbwa yashikilie paa, wanamwachia sveya (mpimaji), kumbe ukiipunguza nguzo umeshagusa na hewa.

Tuanze na hewa. Mgodi lazima uwe na njia mbili, hewa safi iingie huku na chafu itoke kule, na feni kubwa mara nyingi inakaa juu kwenye njia ya kutokea inavuta. Uingereza hilo wamelijua kwa msiba, mwaka 1862 mgodi wa Hartley ulikuwa na shimo moja tu, boriti ya mashine ya pampu ikakatika ikaangukia humo ikaziba, watu 204 wakafa, na sheria ya kutaka mashimo mawili ikatungwa mwaka huohuo.

Kupima iko hivi. Tafuta sehemu ya njia iliyonyooka, kuta hazijapinda sana, pima upana na kimo. Tuseme upana mita 6 na kimo mita 3, eneo ni 18. Chukua kipima upepo, nyoosha mkono, usikizibe na mwili wako, kizungushe taratibu eneo lote juu chini kushoto kulia kwa dakika nzima, usisimame katikati tu sababu katikati ndo upepo una kasi zaidi na itakudanganya. Ukipata mita 0.8 kwa sekunde zidisha kwa 18, una mita za ujazo 14.4 za hewa kila sekunde. Sasa kama makaa yanatoa lita 50 za methani kwa sekunde, hiyo ni 0.05 gawanya kwa 14.4, karibu asilimia 0.35. Nusu ya hewa ikivujia njiani kwenye pazia la kuongozea hewa lililochanika, inapanda 0.7 na wewe hujaona kitu chochote kimebadilika. Methani inalipuka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15, lakini usingoje huko, Marekani ikifika 1 sehemu ya kazi wanakata umeme wa mashine na ikifika 1.5 watu wanatolewa.

Pima juu kabisa, kwenye dari, maana methani ni nyepesi kuliko hewa, hasa kwenye mashimo ambayo paa limebomoka, gesi inajificha mle. Kaboni dayoksaidi yenyewe inalala chini sakafuni. Feni ndogo ya kupeleka hewa kwenye uso wa kazi, yaani pale makaa yanapochimbwa, iweke upande wa hewa safi, na isivute hewa nyingi kuliko inayopita pale ilipo, la sivyo itavuta ileile chafu iliyotoka usoni na kuirudisha tena. Milango ya hewa iko miwili miwili, wa kwanza ukifungwa ndo unafungua wa pili, hata kama mnabeba magogo na mna haraka.

Sasa nguzo, na hapa naomba uwe na kalkuleta. Tarehe 21 Januari 1960 mgodi wa Coalbrook Afrika Kusini uliporomoka nguzo kwa nguzo, zaidi ya watu 430 wakabaki chini, wengi vibarua kutoka Lesotho na Msumbiji. Walikuwa wamerudi kuchimba makaa ya juu ya paa, nguzo zikawa ndefu kwa kwenda juu bila kuongezwa upana. Baada ya pale watafiti Salamon na Munro wakachunguza nguzo zilizosimama na zilizoanguka, mwaka 1967 wakatoa kanuni: nguvu ya nguzo kwa megapaskali (kipimo cha mgandamizo) ni 7.2 mara upana wake kwa kipeo 0.46, gawanya kwa kimo kwa kipeo 0.66. Mzigo unaupata hivi: gawanya umbali wa katikati ya nguzo hadi katikati ya nguzo kwa upana wa nguzo, jibu lipandishe kipeo cha pili, zidisha kwa kina na kwa 0.025.

Chukua kina mita 100, nguzo ya mraba mita 12, njia mita 6, kimo mita 3. Nguvu inatoka kama 10.9, mzigo 5.6, ukigawanya unapata 1.94, na wenzetu wa huko wanataka angalau 1.6. Vizuri. Sasa kata mita moja tu kila upande, nguzo imebaki 10 na njia imekuwa 8, unashuka hadi 1.24. Ukiongeza na kimo kikafika mita 4.5 unapata 0.95, yaani mzigo umeshazidi nguvu. Hesabu hii fanya kwa vipimo vya nguzo ilivyo leo, sio vya kwenye ramani, sababu nguzo inamomonyoka pembeni yenyewe.

Na hewa inaingiaje hapo? Njia ikitanuka toka mita 6 hadi 8, hewa ileile 14.4 inashuka kasi hadi 0.6 na gesi inaanza kutulia darini. Paa likishuka linaponda kuta za kuzibia, hewa inakata njia fupi. Na kama mgodi hauko chini sana, kubomoka kunapanda mpaka juu, mawe yakivunjika yanachukua nafasi zaidi kwa hiyo kwa kimo cha mita 3 bomoko linaweza kupanda mita 10 hadi 15 kabla halijajijaza, unene wa mwamba wa juu ukiwa pungufu ya hapo basi shimo litatokea shambani kwa mtu. Nyufa zile zinaingiza hewa kwenye machimbo ya zamani, makaa yanajipasha moto yenyewe yanawaka, Witbank wana machimbo ya namna hiyo yaliyowaka miaka na miaka.

Kwa hiyo kila wiki tembea na juu ya ardhi pia. Piga vigingi kwa mstari juu ya eneo linalochimbwa na uendelee nje yake, kama mita 70 kwa kila mita 100 za kina, vipime usawa, andika tarehe. Ukiona ufa mpya, jaza udongo wa mfinyanzi ushindilie, alafu siku hiyohiyo shuka ukapime kaboni monoksaidi upande wa hewa inayotoka, ikiwa inapanda siku hadi siku ujue kuna makaa yanapata moto mahali, mwambie meneja kwa maandishi na watu wasiingie upande ule mpaka ijulikane ni wapi.