Acha sigara kwanza: namna nilivyouandaa mwili kwa upasuaji wa kupunguza uzito

Nilivuta sigara kwa miaka 19, pakiti moja kwa siku, na siku niliyopanda mizani ya kliniki ilisoma kilo 138. Daktari wa upasuaji hakuanza na uzito. Aliniuliza, "Dada, ukishaamka, sigara ya kwanza unaiwasha baada ya dakika ngapi?" Nikamjibu kwamba huwa sijatoka hata kitandani. Akaandika, kisha akaniambia hawezi kunipangia tarehe mpaka sigara iishe. Nilitoka pale nimekasirika. Leo anayeniuliza kuhusu upasuaji huu namwanzishia hapo hapo.

Jambo lenyewe liko kwenye mshono. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na kaboni monoksidi iliyomo kwenye moshi hung'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Sasa tumbo likatwe na kushonwa, halafu damu inayofika pale iwe kidogo na yenye oksijeni pungufu: mshono huchelewa kupona na unaweza kuvuja, kidonda huingia vijidudu, damu huganda miguuni, na mapafu hushikwa na nimonia kirahisi. Kwa wanaofanyiwa njia ya mchepuko, ambapo kifuko kidogo cha tumbo cha takribani mililita 30 huunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba, pale kwenye maungio ndipo wavutaji wanapopata vidonda vya tumbo, hata miaka baada ya upasuaji. Kwa hiyo usiache kwa nia ya kuirudia ukishapona.

Hesabu siku kwa kurudi nyuma

Timu nyingi za upasuaji hutaka uwe umeacha angalau wiki 6, nyingine miezi kadhaa. Waulize swali moja mapema: wanataka usivute tu, au wanataka mwili usiwe na nikotini kabisa? Majibu haya mawili yana kalenda tofauti. Mabandiko ya nikotini, kwa mtu anayevuta zaidi ya sigara 10 kwa siku, kwa kawaida huanza na miligramu 21 kwa wiki 6, halafu 14 kwa wiki 2, halafu 7 kwa wiki 2. Hizo ni wiki 10. Kama timu yako inataka wiki 6 bila nikotini ya aina yoyote, anza wiki 16 kabla. Mimi sikupiga hesabu hiyo, nikajikuta nabandua bandiko mapema kuliko mwili ulivyokuwa tayari.

Hapo ndipo nilipoanguka. Wiki moja kabla ya upasuaji niliitwa kupimwa mkojo. Siku mbili kabla ya kipimo nilikuwa nimevuta sigara mbili kibarazani, usiku, nikajiambia zitakuwa zimeshatoka. Hazikutoka. Wanachopima ni kotinini, mabaki ya nikotini baada ya mwili kuivunja, nayo hukaa siku kadhaa. Tarehe yangu ikasogezwa miezi miwili. Sigara ya kielektroniki, shisha na ugoro kwa kawaida vina nikotini, kipimo kitavionyesha. Hata bandiko na chingamu ya nikotini huonekana, kwa hiyo waambie unatumia nini kabla hawajachukua mkojo. Ukiteleza, sema siku hiyo hiyo. Daktari wa dawa ya usingizi anahitaji ukweli ili akulinde ukiwa umelala.

Chingamu ya nikotini haitafunwi kama chingamu ya kawaida. Tafuna polepole mpaka usikie ukali kama wa pilipili, kisha ibane kati ya shavu na ufizi, uiache. Ukali ukiisha, tafuna tena. Moja inakwenda kama nusu saa. Mwanzoni nilikuwa naitafuna mfululizo, nikawa naimeza nikotini yote, napata kwikwi na kiungulia, nikadhani dawa hainifai. Anayewasha sigara ndani ya nusu saa ya kuamka hupewa ya miligramu 4 badala ya 2. Kahawa na soda huizuia isifanye kazi, kwa hiyo ziache dakika 15 kabla yake. Vipo pia vidonge, bupropioni na vareniklini, ambavyo huanzwa wiki moja au mbili kabla ya siku ya kuacha na havina nikotini. Ni vya kuandikiwa na daktari, na bupropioni haimfai mwenye kifafa.

Kila sigara ipe mrithi

Hiki ndicho kilichoniokoa mara ya pili. Niliandika sigara zangu zote za siku moja kwenye karatasi, saa na sababu, halafu nikakata shauri kwamba kila nafasi itachukuliwa na kitu ambacho tumbo jipya litakihitaji.

Sigara ya alfajiri niliipa kazi ya pumzi. Hospitali walinipa kifaa kidogo cha plastiki chenye vipira vitatu ndani. Unafunga midomo kwenye mrija wake, unavuta hewa taratibu, vipira vinapanda. Siku ya kwanza kilipanda kimoja tu, nikakohoa mpaka machozi yakanitoka. Hewa haivutwi haraka; polepole, kama unanusa kitu kilicho mbali, halafu unashikilia hewa sekunde 3 hadi 5. Mara 10, nakaa wima pembeni mwa kitanda, pale pale nilipokuwa nawashia kiberiti. Wiki za mwanzo kikohozi kiliongezeka badala ya kupungua, nikaogopa. Nilielezwa kwamba vinyweleo vya njia ya hewa, vilivyokuwa vimelemazwa na moshi, vinaamka na kuanza kufagia uchafu. Kufikia wiki ya tano vipira vitatu vilikuwa vinapanda pamoja na kubaki juu. Kifaa hicho hicho ndicho utakachopewa ukizinduka, wakati kila pumzi inauma, na mwenye mazoea nacho hapati shida. Jizoeze pia kukohoa ukiwa umekumbatia mto tumboni.

Sigara ya baada ya kula ndiyo ilikuwa tamu kuliko zote, nayo nikaipa miguu. Ukimaliza kula, usibaki mezani hata dakika moja. Nilianza na dakika 6 za kutembea kwa sababu magoti hayakuruhusu zaidi, nikaongeza dakika 2 kila baada ya siku tatu. Usijishindanishe na mtu. Pima kwa pumzi: uweze kuongea lakini usiweze kuimba. Baada ya upasuaji watakuinua kitandani siku hiyo hiyo utembee ili damu isigande, na miguu iliyozoea haigomi.

Arosto ya katikati ya siku ilipata maji. Hamu ikipanda haikai, ni dakika 3 hadi 5, kisha inashuka. Nilijaza bilauri nikainywa kwa mafundo madogo madogo, nikihesabu, mpaka iishe. Ndivyo utakavyokunywa ukishapasuliwa, fundo moja moja, mbali na chakula kwa nusu saa. Siku tatu za mwanzo ndizo ngumu zaidi. Baada ya wiki tatu hivi nilianza kusahau kwamba nimesahau.

Kuhusu kahawa, hakuna aliyenionya. Moshi wa sigara hulifanya ini liivunje kafeini haraka. Ukiacha, kikombe kile kile kinakaa mwilini muda mrefu zaidi: moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, usingizi hauji, na wewe unadhani ni arosto. Punguza nusu tangu siku ya kwanza. Baadhi ya dawa nazo huathirika vivyo hivyo, kwa hiyo daktari aione orodha yako yote.

Utaongezeka uzito kidogo, na hilo linaogopesha mtu aliyeko kwenye safari hii. Wastani ni kilo 4 hadi 5 katika mwaka wa kwanza. Mimi niliongeza 3. Mwambie mtaalamu wa lishe tangu mwanzo kwamba unaacha sigara, akuwekee protini ya kutosha kila mlo, maana njaa ya siku hizo nyingine ni mdomo kutafuta kazi. Usijinyime chakula na sigara katika wiki ile ile.

Mengine

Kama unakoroma na kuamka umekabwa, omba upimwe usingizi. Ukipewa mashine ya kusukuma hewa, ilalie kila usiku na uende nayo hospitali. Pima damu: madini ya chuma, vitamini D na B12, na uangaliwe bakteria wa tumboni. Jizoeze kuamka kitandani kwa ubavu: geuka, shusha miguu, jisukume kwa mkono, bila kukunja tumbo. Jaribu hilo leo, utaona ni kazi.

Wiki mbili za mwisho ni za ini. Sehemu yake ya kushoto imelalia tumbo, na ini likijaa mafuta daktari hapati njia. Chakula cha nguvu kidogo, mara nyingi kalori 800 hadi 1,000 kwa siku, hulifanya linywee. Mwenye kisukari anayechoma insulini asianze kabla dozi haijarekebishwa, sukari inaweza kushuka vibaya.

Na gari litakalokurudisha nyumbani lishughulikie mapema. Kaka yangu anavuta. Nilimwomba juma zima kabla alifute viti kwa sabuni, aache madirisha wazi, asiwashe humo tena. Aliponifungulia mlango pale nje ya wodi, nikiwa nimeshikilia mto wangu tumboni, gari lilinuka sabuni tu.