Umebadilisha klachi na gia bado inakataa? Pima kwanza

Wengi wakishafunga klachi mpya ya nguvu halafu gia ya rivasi ikaanza kulia krrr, wanakimbilia kushusha giaboksi tena. Aisee subiri kwanza, hiyo kazi ni ya siku nzima. Pampu pedali haraka mara mbili tatu kisha ingiza gia, ikiingia vizuri basi karibu uhakika kuna upepo kwenye laini, yaani bomba la oili ya klachi, utoe upya kwa utulivu.

Kama upepo umeisha na bado, chukua rula uingie chini, mwenzako akanyage pedali taratibu, we pima kifimbo cha silinda ya chini (ile ya kwenye giaboksi inayosukuma klachi) kinasogea milimita ngapi halafu linganisha na kitabu cha gari. Hapo ndo watu wanashikwa, maana ukiweka silinda ya chini ya mm 22 badala ya mm 19 pedali inakuwa laini kweli unafurahi, kumbe mwendo wa kifimbo umepungua kama robo nzima na klachi haiachii yote. Shika na ule mpira wa oili unaoingia kwenye silinda ya chini pia wakati anakanyaga, ukivimba mkononi ujue ndo unakula presha.

Ila kama klachi inateleza gari likipata moto, angalia kifimbo cha pedali pale juu, lazima kiwe na uhuru kidogo kabla hakijagusa pistoni ya silinda ya juu, kikibana oili hairudi kwenye kikopo chake na presha inabaki. Mi hili la mwisho lilinisumbua wiki mbili, kumbe nati moja tu.