Kuomba Nafasi ya Mwanafunzi wa Kubadilishana katika Chuo Kikuu cha Marekani

Mwanafunzi wa kubadilishana haombi chuo cha Marekani kama anavyoomba mtu anayekwenda kuchukua shahada nzima. Anabaki kuwa mwanafunzi wa chuo chake, anakwenda kwa muhula mmoja au miwili, analipa ada ya masomo nyumbani, na kozi anazofaulu kule zinahesabiwa kwenye shahada yake. Chuo mwenyeji kinamsamehe ada kwa sababu nacho kinapeleka mwanafunzi wake upande wa pili. Kwa hiyo mlango wa kwanza hauko Marekani. Uko kwenye ofisi ya uhusiano wa kimataifa ya chuo unachosoma sasa, na wengi wanaokosa nafasi hukosea hapo, kabla majina yao hayajavuka bahari.

Anzia chuoni kwako

Nenda ofisini ukaulize mambo manne. Chuo kina mikataba ya kubadilishana wanafunzi na vyuo gani vya Marekani? Je, mkataba huo bado una uhai, maana mikataba huwekewa miaka na husahaulika ikiisha? Unahusu chuo kizima au kitivo kimoja tu? Na mwaka huu kuna nafasi ngapi? Swali la mwisho ni zito kuliko linavyoonekana. Kama chuo chako kimepeleka wanafunzi wengi kuliko kilivyopokea, chuo mwenyeji kinaweza kusimamisha nafasi mpaka hesabu zilingane, hata kama mkataba wenyewe haujaisha.

Kama hakuna mkataba, njia zipo mbili. Ya kwanza ni ISEP, mtandao wa vyuo vinavyobadilishana wanafunzi ulioanza mwaka 1979, ikiwa chuo chako ni mwanachama. Ya pili ni kuomba kama mwanafunzi mgeni anayejilipia ada yote. Njia hii ya pili kwa kawaida hupita kwenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kawaida, na fomu yake ya I-20, na gharama yake ni kubwa mno ukilinganisha na kubadilishana. Usiikimbilie kabla hujahakikisha kwamba ile ya kwanza imefungwa kweli.

Hesabu miezi ukirudi nyuma. Muhula wa vuli Marekani huanza katikati au mwishoni mwa Agosti na kuisha Desemba. Ule wa masika huanza Januari na kuisha mapema Mei. Vyuo vingi hupokea majina ya muhula wa vuli kati ya Februari na Aprili, na ya muhula wa masika kati ya Septemba na Oktoba. Chuo chako kinahitaji kufanya mchujo kabla ya hapo, kwa hiyo anayetaka kuondoka Agosti aanze kuulizia karibu mwaka mzima kabla.

Baada ya mchujo, mratibu wa chuo chako hutuma jina lako kwa chuo mwenyeji. Bila pendekezo hilo fomu ya maombi haifunguki, au inafunguka na kuishia bila kusomwa. Usijaze ile fomu ya kawaida ya wanaoomba shahada kwa kudhani itakuwahisha. Utatozwa ada ya maombi ambayo mwanafunzi wa kubadilishana kwa kawaida hatozwi, na faili lako litaingia kwenye foleni isiyo yako.

Kozi ndizo zinazoamua safari ina faida au hasara

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi kuliko mahali pengine popote. Mtu anaweza kupata viza, akasoma vizuri, akarudi na alama za juu, kisha idara yake ikakataa kuzihesabu. Amepoteza muhula mzima, na anarudia darasani nyuma ya wenzake.

Fungua katalogi ya kozi ya chuo mwenyeji, kisha ratiba ya muhula ule ule mwaka uliopita. Katalogi huorodhesha kila kozi iliyowahi kuidhinishwa, ilhali ratiba huonyesha zinazofundishwa kweli. Kozi iliyotolewa masika pekee huenda isiwepo vuli. Soma namba zake pia: zinazoanza na 1 ni za mwaka wa kwanza, za 3 na 4 ni za wanaokaribia kumaliza, na kuanzia 5 kwenda juu kwa kawaida ni za uzamili. Kozi nyingi zina krediti 3, krediti ikiwa ni kipimo cha uzito wa kozi.

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza mwenye viza ya J-1, ambayo ndiyo ya kubadilishana, anatakiwa asome kwa muda wote, na kwa vyuo vingi hiyo ni krediti 12 kwa muhula, yaani kozi nne. Tano zinawezekana. Lakini madarasa ya Marekani yana kazi za kila wiki, majaribio ya mara kwa mara na alama za kushiriki, tofauti kabisa na mfumo unaobeba uzito wote kwenye mtihani wa mwisho. Kwa muhula wa kwanza, nne zinatosha. Kozi za mtandaoni usizitegemee kufikisha hizo krediti 12, kwa sababu programu ya J-1 inakutaka uwe darasani.

Andaa orodha ya kozi nane hadi kumi, si nne. Madarasa hujaa, na wageni mara nyingi hujisajili baada ya wanafunzi wa kudumu. Vitivo vya biashara, uuguzi na uhandisi huwa na kozi zilizofungwa kabisa kwa wageni, na jambo hilo huandikwa kwenye ukurasa wa wanafunzi wa kubadilishana. Kila kozi kwenye orodha itafutie silabasi yenye mada za kila wiki, vitabu na mgawanyo wa alama. Peleka silabasi hizo kwa mkuu wa idara yako pamoja na jedwali linaloonyesha kozi ipi ya Marekani inachukua nafasi ya kozi ipi ya nyumbani. Omba idhini ya maandishi yenye saini na tarehe. Neno la mdomo la mhadhiri halimfungi msajili, hasa mhadhiri huyo akiwa ameshahama utakaporudi.

Kuna kikwazo kimoja cha kiufundi kinachowashtua wengi. Kozi za juu zina masharti ya awali, na mfumo wa usajili wa chuo mwenyeji hauoni kozi ulizosoma kwenu. Ukibonyeza kujisajili, unakataliwa hata kama somo hilo la awali ulilipata kwa alama ya juu kabisa. Dawa yake ni kuomba ruhusa maalumu ya idara: unamwandikia mratibu, unaambatisha transkripti (rekodi rasmi ya alama zako) na silabasi ya kozi uliyosoma nyumbani, naye anaifungua kozi hiyo kwa mkono. Fanya hivyo wiki kadhaa kabla ya muhula. Wiki ya kwanza ya masomo ofisi hizo huwa zimefurika.

Nyaraka za maombi

Transkripti itoke kwa msajili ikiwa na muhuri, kwa Kiingereza au pamoja na tafsiri iliyothibitishwa, na iwe na maelezo ya ngazi za alama za chuo chako. Vyuo vingi huweka kiwango cha chini cha wastani kuanzia 2.5 hadi 3.0 kwa kipimo cha 4.0. Usigeuze alama zako mwenyewe, waachie wao, kwa sababu wastani wako ukipishana na wao utaonekana umeuongeza.

Kuhusu Kiingereza, uliza kwanza kama barua ya chuo chako inayothibitisha kwamba masomo yanafundishwa kwa Kiingereza inakubalika. Ikikubalika, umeokoa ada ya mtihani. Isipokubalika, fanya TOEFL au IELTS mapema. Alama ya 6.0 au 6.5 ya IELTS ndiyo inayotajwa sana, na matokeo ya mitihani yote miwili hudumu miaka 2 tu.

Insha ya maombi iwe fupi na itaje vitu mahususi: kozi mbili tatu, maabara au kituo cha utafiti kilichopo pale, na namna vitakavyoingia kwenye mradi wako wa mwisho. Sentensi kwamba umeota Marekani tangu utotoni haimsaidii msomaji kuamua. Barua za mapendekezo ziombe kwa wahadhiri waliokufundisha na kusahihisha kazi zako, na uwape wiki tatu au nne. Cheo kikubwa cha mtu asiyekujua hakina uzito.

Pasipoti iangalie sasa hivi. Iwe na uhai wa angalau miezi 6 baada ya tarehe unayotarajia kuondoka Marekani. Na kuanzia hapa, jina lako liandikwe kila mahali jinsi lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi na kwa mpangilio ule ule. Watu wenye majina matatu hupata shida kwa sababu cheti kina mpangilio mmoja na pasipoti mwingine. Pasipoti ndiyo inayotawala.

Fedha na fomu DS-2019

Ukishakubaliwa, chuo mwenyeji hutengeneza DS-2019, karatasi inayokuruhusu kuomba viza ya J-1. Kabla ya kuitoa lazima kione ushahidi wa fedha za chumba, chakula, bima, vitabu na matumizi ya kawaida kwa kipindi chote. Kiasi hutajwa na chuo chenyewe. Taarifa ya benki iwe ya karibuni, kwenye karatasi rasmi ya benki, yenye jina la mwenye akaunti, tarehe na aina ya sarafu. Akaunti ikiwa ya mzazi au mlezi, ambatisha barua yake ya udhamini yenye saini. Hati za kiwanja, nyumba au gari hazihesabiwi, kwa kuwa si fedha zinazoweza kutolewa leo.

DS-2019 ikifika, ikague kabla ya kufanya lolote: jina, tarehe ya kuzaliwa, tarehe za programu, na namba inayoanza na herufi N ya SEVIS, mfumo ambao serikali ya Marekani hufuatilia wanafunzi wa kigeni. Kosa dogo hapa huhamia kwenye risiti na kwenye viza. Ikiwa sahihi, ichapishe na uitie saini.

Bima nayo ina viwango vya kisheria kwa J-1: angalau dola 100,000 kwa kila ugonjwa au ajali, dola 50,000 za kusafirishwa kwa matibabu, dola 25,000 za kurudisha mwili nyumbani, na kiasi unachojilipia kwanza kisizidi dola 500 kwa kila tukio. Bima ya bei ndogo ya watalii mara nyingi haifiki hapo. Vyuo vingi hukulazimisha ununue ya kwao, kwa hiyo usilipie nyingine kabla ya kuuliza.

Chanjo zianze mapema pia. Vyuo vingi hudai dozi mbili za surua, matumbwitumbwi na rubela, zilizopishana angalau siku 28, pamoja na kipimo cha kifua kikuu. Fomu ya afya isipofika, mfumo hufunga usajili wako wa kozi bila kujali umejiandaa kiasi gani.

Viza

Kabla ya kulipa senti yoyote, soma tovuti ya ubalozi kuona kama raia wa nchi yako wamewekewa zuio. Tamko la rais la Juni 2025 lilisimamisha viza za masomo, J ikiwemo, kwa raia wa nchi kadhaa, miongoni mwao Burundi na Somalia, na orodha iliongezwa baadaye mwaka huo huo.

Lipa ada ya SEVIS ya I-901, dola 220 kwa mwanafunzi wa J-1, kwenye tovuti rasmi ya fmjfee.com, na uchapishe risiti. Programu zinazodhaminiwa na serikali ya Marekani, ambazo namba ya programu huanza na G, zimesamehewa. Kisha jaza DS-160, fomu ya mtandaoni ya kuomba viza. Andika namba ya maombi kwenye karatasi ukurasa wa kwanza unapofunguka, maana fomu hujifunga ukikaa kama dakika 20 bila kufanya kitu. Ada ya maombi ya viza ni dola 185. Sheria iliyosainiwa Julai 2025 imeweka pia ada ya ziada ya dola 250 kwa viza za muda, hivyo angalia kama imeanza kukusanywa ubalozini kwako. Picha iwe ya sentimita 5 kwa 5, mandharinyuma meupe, bila miwani, iliyopigwa ndani ya miezi 6.

Tangu Juni 2025 waombaji wa viza za wanafunzi na za kubadilishana, yaani F, M na J, wanatakiwa kuacha akaunti zao za mitandao ya kijamii wazi kwa umma. DS-160 inauliza majina ya akaunti ulizotumia kwa miaka 5 iliyopita. Zitaje zote, hata uliyoacha kuitumia, kwa sababu kuficha kuna madhara makubwa kuliko chochote kilichoandikwa humo.

Mahojiano huchukua dakika chache. Sheria, kifungu 214(b), inamtaka ofisa akuchukulie kama unayetaka kuhamia mpaka umwonyeshe vinginevyo. Mwanafunzi wa kubadilishana ana hoja nzuri kuliko waombaji wengi: shahada yake iko nyumbani na haijaisha. Beba barua ya chuo chako inayotaja mwaka uliopo, tarehe ya kuhitimu, na kwamba krediti zitahesabiwa. Ile idhini ya kozi uliyoihangaikia idarani inakusaidia tena hapa. Jibu kwa ufupi, kwa maneno yako, na ujue unakwenda kusoma kozi zipi. Ukipewa karatasi ya 221(g), hujakataliwa moja kwa moja. Wanataka nyaraka au muda zaidi.

Viza ikitoka, tazama kama imeandikwa sharti la miaka 2 la kurudi nyumbani, kifungu 212(e). Humwangukia aliyefadhiliwa na serikali, au ambaye taaluma yake imo kwenye orodha ya nchi yake, iliyofanyiwa marekebisho Desemba 2024. Aliye chini ya sharti hilo hawezi kupata viza ya kazi ya H au L, wala ukaazi wa kudumu, kabla ya kutimiza miaka hiyo au kupata msamaha.

Ukifika na ukiondoka

Huruhusiwi kuingia zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza iliyo kwenye DS-2019. Beba fomu hiyo mkononi, si kwenye sanduku. Ukishapita uwanja wa ndege, pakua I-94, rekodi ya kuingia kwako Marekani, na uhakikishe imeandikwa J-1, kisha ripoti kwenye ofisi ya kimataifa ya chuo mara moja. Wasipothibitisha kuwasili kwako ndani ya siku 30 baada ya programu kuanza, rekodi yako hufungwa.

Kazi ndani ya chuo inaruhusiwa hadi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, kwa idhini ya maandishi ya ofisa wa chuo anayesimamia J-1 kabla hujaanza, hata kama ni kupanga vitabu maktabani. Usidondoshe kozi ukashuka chini ya krediti 12 bila kumuuliza ofisa huyo huyo.

Programu ikiisha una siku 30 za kufunga mizigo na kusafiri, ila ukitoka Marekani katika siku hizo huwezi kurudi kwa viza hiyo. Kabla ya kuondoka, lipa madeni yote ya chuo, hadi faini ya maktaba, kwani hata deni dogo linaweza kuzuia transkripti. Agiza itumwe moja kwa moja kwa msajili wa chuo chako. Tunza silabasi zote na kazi zilizosahihishwa mpaka krediti zionekane kwenye rekodi yako ya nyumbani.