Kubadilisha kava ya klachi ya pikipiki nyumbani
Mwaga oili yote kwanza, injini ikiwa vuguvugu. Toa kiki na waya wa klachi, kisha fungua bolti za kava kwa boksi spana namba 8. Bolti hizi hazilingani urefu, kwa hiyo chora kava kwenye kipande cha boksi na uchomeke kila moja mahali pake. Ndefu ikiingia kwenye shimo fupi inaweza kupasua injini.

Kava ikigoma, igonge taratibu kwa nyundo ya mpira. Usiichokoe kwa bisibisi kamwe! Mkwaruzo mmoja unatosha kuvujisha oili. Kwangua gasketi (karatasi ya kuziba kati ya kava na injini) kuukuu yote, weka mpya. Vumbi la Arusha ni laini mno, fanyia kazi ndani. Rudisha kava, kaza bolti kwa mshazari, kidogo kidogo. Bolti hizi nyembamba hazitaki nguvu. Jaza oili, washa, kagua ukingo wote.